Sura ya Tano: Je, Mkulima Mdogo Ndiye Anayemaliza Msitu?

Swali hili huzuka kila serikali inapotangaza kuwatoa watu katika msitu wa Mau au kupiga marufuku makaa. Huulizwa redioni asubuhi, huulizwa jioni ndani ya matatu zinazorudi mtaa wa Kawangware, Nairobi, na mara nyingi anayeuliza tayari ana jibu lake: ni wale wa nusu eka, wenye panga na jembe, wanaolima viazi mpaka mlangoni mwa msitu. Kisha hufuata swali la pili, la mtu wa mjini: mimi ninayelipa kodi ya chumba na sina hata shina moja la sukumawiki, haya yananihusu vipi?

Nimeyaweka maswali hayo pamoja kwa sababu jibu lake ni moja. Mkulima mdogo hufyeka msitu pale asipokuwa na uhakika na kesho yake, na hupanda miti pale anapojua kwamba mvunaji atakuwa yeye au watoto wake. Uhakika huo hautoki shambani peke yake. Hutoka katika ofisi za ardhi, hutoka kwenye vizuizi vya barabarani, na hutoka pia kwenye majiko ya Kawangware na Kibera.

### Kinachoshuka sokoni

Nenda sokoni Kawangware mapema asubuhi uulize mizigo imetoka wapi. Viazi vimetoka Kinangop na kwingineko Nyandarua, vingine Molo, vingine nyanda za juu za Narok. Kabeji na karoti zimetoka huko huko. Magunia ya makaa yamepita njia nyingine: Kajiado, Narok, Kitui, Baringo, na mengine yamevuka mpaka kutoka Uganda. Nayo maji, yale ya mtungi wa lita 20 yanayopanda bei mifereji inapokauka, sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Bwawa hilo hujazwa na mito inayoshuka kutoka misitu ya milima ya Nyandarua, ambayo ramani nyingi bado huiita Aberdare.

Kwa hiyo mkazi wa Kawangware anaidai milima ile ile vitu viwili vinavyogombana. Anataka viazi vya bei nafuu, na viazi vinataka ardhi. Anataka maji, na maji yanataka msitu ubaki.

Kabla hatujaenda mbali, tutenganishe maneno mawili ambayo wengi huyachanganya. *Ufyekaji wa msitu* ni kuondoa miti na kuigeuza ardhi iwe kitu kingine: shamba, malisho, mtaa. *Uchakavu wa msitu* ni kuondoa miti mingi, hasa iliyo bora, huku pakiendelea kuitwa msitu au nyika. Makaa mengi ya Nairobi hutoka maeneo makavu ya migunga, na kazi yake kubwa ni kuchakaza: migunga minene inaondoka, vichaka vinabaki, udongo unaanza kuonekana. Milimani kunakonyesha, kinachofyeka zaidi ni kilimo. Marufuku ya makaa peke yake haizuii shamba jipya la viazi, na kumwondoa mkulima wa Mau hakuokoi mgunga hata mmoja wa Kitui. Sera zetu nyingi zimetangazwa kana kwamba tatizo ni moja.

Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilikuta misitu inafunika asilimia 8.83 ya Kenya. Ukihesabu miti yote, pamoja na ile ya mashambani, unapata asilimia 12.13. Tofauti iliyo kati ya tarakimu hizo mbili inastahili kuangaliwa kwa makini, nasi tutairudia.

### Udongo ambao haujachoka

Kwa nini mkulima wa viazi autamani msitu wakati ana kishamba chake? Jibu liko chini ya miguu yake. Udongo wa msitu umelundika mboji ya majani kwa miaka mingi, basi misimu ya kwanza hauhitaji mbolea ya dukani. Zaidi ya hapo, haujaingiwa na mnyauko bakteria. Huu ni ugonjwa unaokaa udongoni na kuufanya mmea unyauke ukiwa bado kijani, na hauna dawa ya kupulizia. Ukishaingia shambani, dawa ni kupumzisha viazi kwa misimu kadhaa na kupanda kitu kingine. Mwenye eka ishirini anaweza kupumzisha. Mwenye nusu eka na karo ya shule hawezi.

Ugonjwa huo husafiri ndani ya mbegu. Wakulima wengi hupanda viazi walivyobakiza msimu uliopita, au walivyonunua kwa jirani, kwa sababu mbegu iliyothibitishwa ni ghali na haipatikani kwa wote. Kituo cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, pale Tigoni, karibu na Limuru, kimefanya kazi ya viazi kwa miaka mingi na ujuzi wa kuzalisha mbegu safi upo. Kufika kwake shambani ndiyo shida.

Kisha kuna Shangi. Hicho ndicho kiazi ambacho wauza chipsi wa Kawangware wanakipenda, kwa kuwa huiva upesi sufuriani. Shambani pia hukomaa mapema. Lakini Shangi kikishavunwa huchipua upesi, hakiwekeki ghalani muda mrefu. Kwa hiyo eneo zima huvuna pamoja, huuza pamoja, na dalali ndiye anayetaja bei. Mkulima aliyepata nusu ya alichotarajia ana njia mbili: atoe mavuno zaidi katika shamba lile lile, jambo linalotaka mbegu na mbolea ambazo sasa hana pesa za kununua, au apate kipande kingine. Kipande kilicho karibu, chenye udongo usiochoka, ni cha msitu.

Sisemi haya ili kumwosha mikono. Nasema kwamba kwa hali aliyo nayo, hesabu yake ni sahihi, na mtu anayepiga hesabu sahihi hashindwi kwa kuhubiriwa. Hubadilika hesabu yenyewe inapobadilika.

### Panga na kalamu

Misitu mingine ya Kenya haikumalizwa na panga kabisa. Ilimalizwa na kalamu.

Mfano uko kando ya Kawangware. Msitu wa Ngong Road ulipotangazwa rasmi mwaka 1932 ulikuwa na zaidi ya hekta 2,900. Leo imebaki chini ya nusu. Ardhi iliyoondoka iligawiwa kwa barua na ramani: shule, viwanja vya maonyesho, makazi, taasisi za kila aina. Kibera nayo ilikuwa eneo la msitu pale askari Wanubi wenye asili ya Sudan walipoanza kukaa mwanzoni mwa karne ya 20. Waliruhusiwa kukaa bila kupewa hati, na vizazi vyao vilidai haki ya ardhi ile kwa zaidi ya miaka mia moja. Hakuna shamba la viazi katika habari hiyo.

Mau ndiyo habari kubwa zaidi. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa makumi ya maelfu ya hekta katika orodha ya misitu, zikiwemo zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki peke yake. Walioandikiwa ardhi walikuwa wa aina nyingi: maskini wasio na ardhi kweli, na pia watu wenye vyeo. Miaka michache baadaye kikosi kazi cha serikali kilikuta robo hivi ya Mau yote imekwisha kupotea. Halafu zikaja zamu za kuwatoa watu: 2009, 2018, 2019. Waliotolewa wengi walikuwa wanunuzi wa vipande vidogo, na baadhi yao walikuwa na karatasi walizoziamini.

Wenyeji wa kale wa msitu huo, Waogiek, ambao asali na uwindaji vilikuwa riziki yao, walifukuzwa pamoja na wafyekaji. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba Kenya imevunja haki zao. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85 na ardhi yao itambuliwe. Novemba 2023 familia nyingine za Waogiek zilitolewa tena. Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote katika sura hii, kwa sababu watu waliokuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kutaka msitu udumu ndio walionyimwa uhakika wa kuwemo.

Sasa fikiria mkulima aliyeyaona haya yote. Kipande alichonunua kinaweza kutwaliwa mwaka ujao. Apande mti wa kuvunwa baada ya miaka ishirini? Atalima viazi, avune kabla bulldoza halijafika, na miti iliyosimama ataigeuza makaa upesi.

### Shamba ndani ya msitu

Kenya imejaribu kwa zaidi ya karne kumwingiza mkulima msituni kwa utaratibu. Wazo lilianza Burma katika karne ya 19 likafika kwetu wakati wa ukoloni. Hapa liliitwa mfumo wa shamba. Miti ya kupandwa, kama misipresi na misonobari, ikishavunwa, mkulima hupewa kipande. Analima mahindi, maharagwe au viazi kwa miaka mitatu hivi, huku akitunza miche ya miti iliyopandwa katikati ya mimea yake. Miche ikikua na kufunika, yeye anahama.

Unapoendeshwa vizuri, mfumo huu una faida ya wazi. Anayepalilia mahindi yake anaupalilia mche pia, na serikali inapata msitu bila kulipa vibarua. Unapoendeshwa vibaya, mashamba huingia msitu wa asili na hakuna anayeuliza. Mfumo ulipigwa marufuku katika miaka ya 1980, ukarudi, ukapigwa marufuku tena 2003, kisha ukarudi chini ya sheria ya misitu ya 2005 kwa jina la PELIS. Mtetezi wa mazingira, Profesa Wangari Maathai, aliupinga kwa nguvu mpaka mwisho wa maisha yake. Mwaka 2022 naibu rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, aliposema urudishwe kwa upana, mabishano yalianza upya.

Kasoro yake imo katika mpango wenyewe. Mti si wa mkulima, na siku mti utakapofaulu yeye atapoteza shamba. Amepewa kulea kitu ambacho ukuaji wake ndio kufukuzwa kwake. Basi usishangae ukisikia mche umekatwa mizizi kimyakimya. Mpango unaomlipa mkulima mche ukifa hautaokolewa na walinzi, hata wawe wengi namna gani.

Mpango mwingine ni Nyayo Tea Zones, ulioanzishwa mwaka 1986: ukanda wa chai wenye upana wa mita mia hivi ukingoni mwa misitu, uwe mpaka unaoonekana kwa macho. Mpaka ulionekana kweli, na chai ilileta ajira za kuchuma. Lakini ili kupata nafasi ya chai, baadhi ya msitu wenyewe ulifyekwa kwanza.

Mpaka hapa, kwa ufupi:

- Makaa ya Nairobi huchakaza zaidi nyika kavu. Kilimo hufyeka misitu ya milimani. Dawa zake ni mbili.
- Mkulima huvutwa na udongo mpya kwa sababu wake umechoka au una ugonjwa, na bei humkuta hana pa kuhifadhi mavuno.
- Misitu mingi ilipotea kwa barua kabla ya kupotea kwa panga.
- Mti usio wa mkulima hautunzwi na mkulima.

### Mahali ambapo miti inaongezeka

Sasa turudie ile tofauti kati ya asilimia 8.83 na 12.13. Ukitoka Thika kwenda Murang'a, kisha Kirinyaga na Embu, utapita mashamba madogo sana, mengine robo eka, nayo yamejaa miti: migrivilea mipakani mwa kahawa, mikaratusi bondeni, maembe, parachichi na makadamia karibu na nyumba. Hakuna aliyewalazimisha wenye mashamba hayo. Wapimaji walipolinganisha picha za angani za 1986 na 1992 za maeneo ya kilimo nchini, walikuta miti iliyopandwa mashambani imeongezeka, tena sana mahali palipokuwa na watu wengi. Habari hiyo ilikwenda kinyume na wasiwasi wa siku hizo, kwamba watu wakiongezeka miti lazima iishe.

Jambo kama hilo lilitokea Machakos. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiandika kama nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Miaka hamsini baadaye watu walikuwa wameongezeka mara tano hivi, na vilima vile vile vilikuwa vimechimbwa makinga maji na kupandwa miti. Wakulima wake walikuwa na mashamba yao wenyewe, soko la Nairobi lilikuwa karibu, na vikundi vya mwethya, yaani kazi ya kusaidiana kwa zamu, vilifanya kazi ambayo mtu mmoja hawezi.

Kupanda miti pamoja na mimea na mifugo katika shamba moja huitwa kilimo mseto cha miti. Mgrivilea unatoa mbao na kuni za matawi, na mizizi yake haigombani sana na kahawa. Muthanduku, mti ulioletwa kutoka kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi, unarutubisha udongo na kutoa makaa mazuri baada ya miaka saba hadi kumi. Mwenye shamba anapouza miti kumi ili kulipa karo, na kupanda mingine ishirini mvua zikianza, hakuna kampeni iliyopita nyumbani kwake.

Lakini tuwe wakweli: hati ya ardhi haitoshi. Kawangware ni ushahidi. Eneo hili la Dagoretti lilikuwa mashamba ya Wakikuyu. Baada ya miaka ya 1950 wenyewe walipata hati, na mipaka ya jiji ilipotanuliwa mwaka 1963 wakajikuta ndani ya Nairobi. Walikuwa na uhakika wote wa kisheria. Lakini wapangaji walipoanza kuja, safu ya vyumba vya mabati ilileta kwa mwezi mmoja pesa ambazo mahindi hayakuleta kwa mwaka, na miti ikaondoka. Mtu mwenye uhakika hutunza mti iwapo mti unalipa angalau karibu na kile kinachotaka kuchukua nafasi yake.

### Mavuno mengi, msitu salama?

Wengi huamini kwamba mkulima akivuna zaidi kwa eka, ataacha msitu. Inategemea anauza wapi. Viazi huliwa hapa hapa Kenya. Mbegu safi ikienea, viazi vitajaa, bei itashuka, na kufungua shamba jipya msituni kutakuwa hasara. Zao la soko la dunia ni tofauti: hata ulime zaidi, bei haishuki sana, na faida inakuvuta uongeze eka. Kakao iliipatia Kodivaa utajiri baada ya uhuru, na ikala sehemu kubwa sana ya misitu yake.

Hapo ndipo kazi ya usimamizi inapoingia. Brazil ilipoteza zaidi ya kilomita za mraba 27,000 za msitu wa Amazon mwaka 2004, na mwaka 2012 ikapoteza chini ya 5,000. Ilitumia setilaiti kugundua ufyekaji ukiwa bado mpya, ikawanyima mikopo wavunja sheria, na wafanyabiashara wakubwa wa soya wakakubali kutonunua kutoka ardhi iliyofyekwa upya. Huko mfyekaji mkuu ni mwenye ranchi kubwa, anayeogopa benki. Katika Bonde la Congo na ukingo wa Mau hakuna mtu huyo. Kuna familia moja moja, na benki haijawahi kuwajua. Kwao adhabu pekee bila mbegu, bila ghala na bila hati huwahamisha tu kwenye bonde linalofuata.

### Jiko la Kawangware

Kilo 100 za kuni zikichomwa katika tanuri la kawaida la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makaa. Tanuri bora linaweza kukaribia kilo 30. Kwa hiyo upotevu mkubwa kabisa hutokea kabla gunia halijapakiwa, na mafunzo ya wachoma makaa yangeokoa miti mingi kuliko mabango yote ya mjini.

Upande wa mjini, mafundi wa jua kali walikwisha fanya sehemu yao. Jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea kutoka Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutumia makaa pungufu kwa thuluthi au zaidi kuliko lile la zamani la bati tupu. Kwa gesi, serikali imekwenda mbele na nyuma. Kodi ya VAT iliondolewa 2016, ikarudishwa kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa tena 2023. Anayepika kwa mtungi wa kilo 6 hajali jina la kodi. Anaangalia bei ya kujaza, na ikipanda anarudi kwa mama makaa, anunue mkebe mmoja wa chakula cha usiku.

Marufuku nazo zimekuja. Januari 2018 Kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilizuia makaa kutoka nje ya kaunti. Mwezi uliofuata serikali ya kitaifa ikasimamisha ukataji katika misitu ya umma kwa siku 90, kisha ikaongeza muda tena na tena. Mei 2023 Uganda nayo ikazuia uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwake. Kila mara bei ya Nairobi ilipanda na malori yakatafuta njia nyingine, kwa kuwa sufuria za Kawangware hazikupumzika hata siku moja.

Kinachonipa matumaini ni kitu kidogo ambacho kanuni zilikwisha kukiruhusu. Kanuni za makaa za mwaka 2009 ziliyafanya makaa kuwa biashara halali kwa wachomaji waliojisajili katika vyama na wanaopanda miti ya kufidia. Kanuni za kilimo za mwaka huo huo zilimtaka kila mkulima atenge asilimia 10 ya shamba kwa miti. Ziunganishe hizo mbili, na mwenye robo eka ya muthanduku kule Lari anaweza kuwauzia wakazi wa Kawangware makaa aliyoyapanda mwenyewe. Kinachokwama ni karatasi: kibali cha kuvuna, kibali cha kusafirisha, na safari za ofisini kwa magunia kumi tu. Dalali mwenye lori zima la migunga huzigawa gharama hizo, halali na zile zisizo halali za vizuizini, kwa magunia mia. Maadamu mambo yako hivyo, makaa yaliyopandwa yatafika Kawangware yakiwa ghali kuliko yaliyoibwa, na mama makaa atanunua yale ambayo wateja wake wanaweza kuyalipia.